Haidranti Isiyo na Mwenyewe: Uchambuzi wa Kisa cha Moto wa Soko Mjini Moshi

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika soko moja la Manispaa ya Moshi. Jina la soko, mwaka, majina ya watu na vyeo vyao vimeondolewa, na hesabu zote za usiku ule ni za makadirio, kwa makusudi, ili wahusika wasitambulike. Maelezo yametoka kwa waliokuwapo: walinzi, viongozi wa soko, askari wa zimamoto wa zamu ile, mafundi wa maji na wafanyabiashara wenyewe. Niliombwa kuongoza kikao cha tathmini baada ya moto, na tangu hapo nakitumia kisa hiki kufundishia kamati za masoko.

Kila ninapokisimulia, swali la kwanza huwa lile lile: gari lilichelewa dakika ngapi? Gari halikuchelewa. Kilichokosekana ni maji, na yalikosekana huku askari wamesimama juu ya bomba. Sababu yake ilianza miaka mingi kabla ya usiku ule, kwa hiyo historia ya zimamoto ya mji huu lazima itangulie. Anayetaka kuusoma moto peke yake ataishia kumlaumu kiongozi wa zamu, naye ndiye mtu anayestahili lawama kidogo kuliko wote.

## Usuli: kikosi cha mji na mabomba yake

Moshi ulikua kwa reli na kahawa. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911. Ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, ulianzishwa mwaka 1933. Mji wa namna hiyo una maghala, magunia, mbao na mafuta ya taa, na maduka yaliyobanana kuta. Hofu ya moto ilikuwa hofu ya mali, na mabomba ya kuzimia moto yalitandazwa mali ilipokuwa: kuzunguka stesheni, kwenye maghala na kwenye mitaa ya zamani ya biashara.

Haidranti, yaani midomo ya bomba ambako zimamoto huchukua maji, nyingi katika mji huu si zile nguzo nyekundu tunazoziona kwenye sinema. Ziko chini ya ardhi, kwenye shimo dogo lenye mfuniko wa chuma usawa wa barabara. Askari hufunua mfuniko, husimika bomba fupi juu ya mdomo wa haidranti, kisha hufungua vali kwa ufunguo mrefu wenye umbo la T. Faida yake ni kwamba gari haliwezi kuigonga. Hasara yake ni kwamba mfuniko ukishafunikwa, haidranti imepotea.

Zimamoto katika miji yetu ilikuwa kazi ya mamlaka za miji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali za mitaa zilivunjwa katika mpango wa Madaraka Mikoani, na huduma za mijini zikazorota kwa kasi iliyoilazimu serikali kurudisha halmashauri za miji mwaka 1978. Mzee mmoja mstaafu, ambaye atatajwa tena hapa chini, aliajiriwa katika kikosi cha halmashauri miaka ya 1980, wakati mji unajaribu kukusanya tena vilivyotawanyika. Alikuta gari moja linalosukumwa ndipo liwake, mipira ya maji iliyoshonwa viraka, na desturi moja ambayo nadhani ilikuwa na thamani kuliko gari lile.

Kila wiki, asubuhi, askari wawili walizunguka mji kwa miguu pamoja na fundi wa idara ya maji. Walifunua kila mfuniko, wakaachia maji mpaka kutu itoke, wakafunga, wakapaka grisi, wakaandika kwenye daftari. Kwa mwezi mmoja walikuwa wamemaliza mji mzima. Mfuniko uliofukiwa na udongo wa mvua ulifukuliwa siku hiyo hiyo. Nilimuuliza mzee nani aliagiza kazi hiyo. Alisema hakuna barua wala waraka. Mkuu wa kikosi na fundi yule wa maji walikuwa usharika mmoja, wakakubaliana.

Makubaliano hayo yalidumu kwa sababu watu wale wawili walidumu. Halafu yakaja mabadiliko mawili, kila moja likiwa na sababu nzuri.

La kwanza lilikuwa la maji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huduma ya maji mijini ilitoka kwenye idara za serikali ikaingia kwa mamlaka zinazojitegemea, zinazoishi kwa bili. Maji yakaanza kuhesabiwa, na ni vizuri yakahesabiwa. Lakini haidranti haina mita. Kila ilipofunguliwa kwa majaribio, maji yale yaliingia kwenye hesabu ya maji yaliyopotea, na meneja anayepimwa kwa hesabu hiyo hana hamu ya kuona mtu akiyamwaga barabarani kila wiki. Hakuna aliyepiga marufuku mizunguko. Fundi mpya hakupangiwa tu.

La pili lilikuwa la zimamoto yenyewe. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ilivitoa vikosi hivi mikononi mwa halmashauri na kuviweka chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Nayaunga mkono mabadiliko hayo bila kusita. Yameleta mafunzo ya pamoja, ukaguzi wa majengo wenye nguvu ya sheria, namba moja ya dharura, 114, nchi nzima, na askari ambaye ajira yake haitegemei bajeti ya mji mmoja. Mkoa wa Kilimanjaro, uliozika wasichana 42 wa Shule ya Sekondari Shauritanga baada ya moto wa bweni Juni 1994, hauhitaji kuelezwa kwa nini nchi ilitaka zimamoto yenye uzito.

Tatizo lilikuwa kwenye orodha ya makabidhiano. Magari yaliorodheshwa, pamoja na ngazi, mipira, jengo na watumishi. Haidranti hazikuwemo. Halmashauri haikuzikabidhi kwa sababu ziko kwenye mabomba ya mamlaka ya maji. Mamlaka ya maji haikuzidai kwa sababu ni vifaa vya zimamoto. Daftari la mizunguko lilibaki kwenye kabati, na kabati lilipohamishwa likapotea.

Wakati huohuo mji ulikuwa unaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 184,292 katika manispaa, na ya 2022 ikahesabu 221,733. Masoko yalijaa, vibanda vikasogea mpaka kwenye njia, na njia za zamani zikawekewa pevingi.

## Mtiririko wa usiku ule

Ulikuwa usiku wa kiangazi, upepo unavuma. Kwenye saa nane na robo mlinzi aliona moshi kwenye safu ya katikati, ambako mafundi cherehani walipakana na wauza mitumba. Chanzo hakikuthibitishwa. Wengi walitaja pasi ya mkaa iliyoachwa na majivu yenye moto, wengine nyaya za umeme zilizounganishwa kibanda kwa kibanda, na sitachagua upande.

Mlinzi alimwamsha mwenzake, wakamwaga ndoo mbili za maji na mchanga kidogo. Kisha akaiendea namba ya zimamoto iliyoandikwa kwa rangi ukutani kwenye ofisi ya soko. Ilikuwa namba ya simu ya mezani ya kikosi cha zamani cha halmashauri. Haikuita. Akampigia mwenyekiti wa soko, mwenyekiti akapiga 114, na wakati huohuo kijana wa bodaboda aliyekuwa kijiweni jirani akaamua kwenda kituoni mwenyewe. Aliyefika kwanza ni bodaboda. Kati ya moshi kuonekana na kituo kujua zilipita kama dakika ishirini.

Gari lilitoka mara moja, na kwa mwendo wa usiku likafika kwa dakika chache. Lilisimama ukingoni mwa soko kwa sababu njia ya ndani ilikuwa imezibwa na meza na nguzo za turubai. Askari walivuta mipira kwa miguu. Swichi kuu ya umeme ya soko ilizimwa na mlinzi aliyekuwa na ufunguo wa ofisi, na kwa hapo hakuna la kuongeza: ilifanyika haraka na ilifanyika sawasawa.

Tanki la gari lilibeba takriban lita 5,000. Mipira miwili ilifunguliwa, kila mmoja ukitoa kama lita 450 kwa dakika. Msomaji afanye hesabu: hazifiki dakika sita. Maji yalipokwisha, moto ulikuwa umepungua upande mmoja na kuruka upande wa pili, kwenye marobota ya mitumba, ambayo huwaka ndani kwa ndani hata baada ya kulowa juu.

Katika zamu ile askari mmoja tu ndiye aliyekaa Moshi kwa muda mrefu. Wengine walihamia karibuni kutoka mikoa mingine, kama ilivyo kawaida ya jeshi. Yule mwenyeji alikumbuka kusikia kwamba karibu na geti la zamani kuna haidranti. Walipokwenda walikuta pevingi safi, iliyotandazwa vizuri, bila alama yoyote. Wafanyabiashara walileta mitaimbo na sururu. Walichimba mahali pa kwanza, hakuna. Pa pili, wakagonga chuma.

Mfuniko ulifunguka kwa nyundo. Bomba fupi lilisimikwa, vali ikazunguka kwa shida, maji yakatoka membamba, mekundu, kisha yakakatika. Mtaa ule ulikuwa umefungiwa maji kwenye ratiba ya mgao. Simu ilipigwa kwa mafundi wa zamu wa mamlaka ya maji. Fundi alikuja, na alikuja kwa pikipiki yake mwenyewe, lakini vali ya mtaa iko mbali na yeye alikuwa mbali zaidi. Maji yenye nguvu yalifika kwenye haidranti kama saa nzima baada ya kuchimbwa.

Hapo katikati gari la kituo lilikwenda kujaza kwingine na kurudi. Boza la mkandarasi mmoja lilijitolea. Na kiwanda kimoja kilicho nje kidogo ya mji kilituma gari lake la zimamoto, limejaa maji mpaka juu.

Gari la kiwanda na gari la kituo lilikuwa na viungio tofauti vya mipira. Moja lilinunuliwa likiwa limetumika Ulaya, lingine lilikuja kwa njia nyingine, na kila moja lilikuja na mipira ya kwao. Maji yalikuwepo, mita kumi kutoka kwenye pampu iliyokauka, na hakuna namna ya kuyapitisha.

## Maamuzi na sababu zake

*Kuelekeza mipira yote miwili kwenye kibanda kilichokuwa kinawaka.* Kiongozi wa zamu alikuta watu mia na zaidi wakipiga kelele, kila mmoja akionyesha kibanda chake. Hakujua ukubwa wa soko kwa ndani, kwa sababu hakukuwa na ramani. Alishambulia kilichoonekana. Katika kikao alieleza kwamba alitegemea kupata maji ya haidranti ndani ya dakika tano, kama alivyofundishwa, na kwamba kwa tegemeo hilo uamuzi ulikuwa sahihi. Nakubaliana naye. Mtu aliyefundishwa kwamba nyuma ya gari kuna bomba atalitumia tanki kwa namna tofauti na aliyeambiwa ukweli kwamba tanki ndilo maji yake yote.

*Kuvunja vibanda vizima.* Maji yalipokwisha mara ya kwanza, kiongozi wa zamu alitembea mpaka mbele ya moto, akahesabu vibanda kadhaa kwa kufuata upepo, akasema hapa panavunjwa. Sheria inampa mamlaka ya kubomoa ili kuzuia moto usienee, lakini mamlaka ya sheria saa tisa usiku mbele ya wenye mali ni kitu kingine. Wanaume wawili walisimama mlangoni wakiwa na mapanga. Mwenyekiti wa soko aliwasihi kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Aliyeuvunja ukaidi ni mama mmoja muuza vitenge, ambaye kibanda chake kilikuwa cha kwanza kwenye mstari ule.

"Afande, changu kina moto au hakina?"

"Bado, mama. Baada ya robo saa kitakuwa nao."

"Basi vunjeni. Nisaidieni kutoa mzigo kwanza, dakika mbili, halafu vunjeni."

Vijana walitoa vitenge kwa mikono kupita mikono. Kamba ikafungwa kwenye nguzo, pikapu ikavuta, mabati yakaanguka. Wale wawili wakaweka mapanga chini, wakaanza kutoa mizigo yao. Ndani ya nusu saa pengo lenye upana wa kama mita nane lilikuwa limesafishwa mpaka ardhini.

*Kutengeneza bwawa la turubai.* Huu ndio uamuzi ninaoupenda kuliko yote, na haukutoka kwa mwenye cheo. Viungio vilipokataa kuingiliana, mwendesha pampu aliuliza kama kuna turubai zima la lori. Lilipatikana. Meza nne za soko zililazwa kwa ubavu zikafanya mraba, turubai likatandazwa ndani, kingo zikabanwa kwa marobota yaliyookolewa. Gari la kiwanda likamwaga maji yake humo. Boza likamwaga yake. Gari la kituo likatumbukiza mpira wake mgumu wa kunyonyea, na pampu ikafanya kazi kama vile iko mtoni. Turubai lilivuja, bila shaka lilivuja, lakini kasi ya kuvuja ilikuwa ndogo kuliko kasi ya kujaza.

*Kutumia maji kwenye pengo peke yake.* Maji yaliporudi, kelele zilikuwa zile zile: zimeni hapa, zimeni pale. Safari hii kiongozi wa zamu aliacha kilichokwisha kushika moto na kuelekeza maji kwenye kingo za pengo. Watu walimtukana. Alibaki hapo.

## Matokeo

Hakuna aliyefariki. Mlinzi wa kwanza aliungua mkono, mfanyabiashara mmoja alikatwa na bati mguuni. Zaidi ya theluthi moja ya vibanda iliteketea, vichache vilibomolewa, na vilivyobaki upande wa pili wa pengo vilisalimika vyote. Moto ulidhibitiwa kabla ya adhuhuri. Marobota yaliendelea kufuka kwa siku mbili, na kituo kiliacha askari wa kuyageuza kwa koleo na kuyamwagia maji.

Waliopoteza zaidi ni wapangaji wa ndani, wale wanaokodi meza kwa aliyekodi kibanda. Majina yao hayakuwa kwenye daftari lolote la soko, kwa hiyo hata msaada ulipokuja ulifuata majina ya wenye vibanda. Hilo ni kisa kingine, zito, na linahitaji kuandikwa peke yake.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kilichookoa nusu ya soko ni pengo, na pengo liliwezekana kwa sababu mwenyekiti aliwajua watu wake kwa majina. Natamani kamati za masoko zilisikie hili. Kiongozi wa zimamoto anajua mahali pa kuvunja. Hajui mama yupi akisema ndiyo wengine watafuata. Baada ya kikao, soko lile liliteua watu wawili kwa kila safu ambao kazi yao usiku wa moto ni kusimama na afande na kusema na wenzao.

Bwawa la turubai lilifanya kazi kwa sababu mwendesha pampu aliwahi kufundishwa kunyonya maji ya mtoni, na akaona kwamba anachohitaji ni uso wa maji, haijalishi umetoka wapi. Tatizo la viungio lina historia ndefu na chungu. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliungua kwa zaidi ya saa 30 na kupoteza majengo zaidi ya 1,500. Magari ya zimamoto yalikuja kwa treni kutoka Washington, Philadelphia na New York, na mengi hayakuweza kuunga mipira yake kwenye haidranti za Baltimore kwa sababu nyuzi za viungio zilitofautiana. Marekani ilihitaji moto ule ili ikubaliane juu ya kiungio cha pamoja. Sisi tunaopokea magari yaliyotumika kutoka nchi mbalimbali tunajikuta na Baltimore ndogo kwenye kila kituo, na dawa yake ni kipande cha chuma chenye kiungio cha aina moja upande huu na cha aina nyingine upande ule. Fundi mzuri wa mashine ya kukereza anaweza kukitengeneza.

## Uchambuzi: kilichoshindikana, na kwa nini

Ukiwauliza watu wa soko, watakuambia mkandarasi wa pevingi ndiye mkosaji. Nimeona mchoro aliopewa. Haukuwa na haidranti. Aliyechora aliomba taarifa za mabomba, akapewa mabomba ya usambazaji. Hakuna aliyemficha kitu. Ofisi tatu zilijibu kwa ukweli, kila moja juu ya kilicho chake, na haidranti haikuwa ya yeyote.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Mambo yanayohudumia ofisi mbili huishi kwa mazoea ya watu. Ofisi moja inapohamishwa, orodha ya makabidhiano huandikwa na mhasibu, na mhasibu huandika vyenye namba ya mali. Mzunguko wa kila wiki hauna namba ya mali. Undugu wa usharika hauna. Namba ya simu iliyopakwa ukutani kwenye soko haina, ndiyo maana ilibaki pale miaka yote ikimwelekeza mlinzi kwenye simu isiyoita. Zile dakika ishirini za mwanzo na ile saa nzima ya kusubiri vali zimetoka kwenye tundu lile lile.

Swali la askari wahamiaji linagusa hapo pia. Kuna waliosema kwenye kikao kwamba wangekuwepo wenyeji, haidranti ingepatikana mapema. Ni kweli, ingepatikana, na mwaka ambao mwenyeji huyo angestaafu tungerudi palepale. Jeshi linalohamisha askari linahitaji mji ulioandikwa, wenye alama ukutani, ambao mgeni wa wiki moja anaweza kuusoma kwa tochi.

## Yaliyofuata

Wiki chache baada ya moto, askari watatu, fundi wa maji na mhandisi wa halmashauri walikwenda kumchukua mzee mstaafu nyumbani kwake. Alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo, mzee. Tumekuja utuonyeshe mabomba."

"Marahaba, wanangu. Mmechelewa, lakini twendeni."

Walitembea naye kwa siku kadhaa, polepole, akiwa na fimbo yake. Alisimama, akageuka kulitazama jengo la zamani, akahesabu hatua kutoka kwenye kona, akagonga chini. Mara nyingi alikuwa sahihi. Haidranti moja ilikutwa chini ya lami. Nyingine ilikuwa ndani ya duka, chini ya kaunta ya mangi ambaye hakujua amekaa juu ya nini. Kadhaa zilikosa vifuniko, vimeuzwa chuma chakavu. Nyingine, hasa karibu na maghala ya zamani, zilifunguka kwa mkono na kutoa maji yenye nguvu kama vile zimepakwa grisi jana. Mzee alifurahi sana kwa hizo, akazigusa.

Orodha ilitengenezwa, ikasainiwa na ofisi zote tatu, kila moja ikiwa na nakala. Kwa kila haidranti iliandikwa mahali, umbali kutoka kwenye ukuta unaoonekana, vali ya mtaa inayoilisha, na simu ya fundi anayeifungua. Vibao vya njano viliwekwa kwenye kuta. Namba ya zamani ilifutwa sokoni, 114 ikaandikwa kwenye kila geti. Suala la maji ya majaribio lilitatuliwa kwa njia rahisi kuliko nilivyotarajia: kituo huandika dakika za kufungua, mamlaka huyahesabu kama matumizi yenye sababu, na meneja hapotezi alama.

Mwaka mmoja baadaye nilirudi kukagua. Mizunguko inafanyika, kwa mwezi badala ya wiki. Vibao vitatu vya njano vimeng'olewa, kwa kuwa vilikuwa vya bati. Vipya vinachorwa kwa rangi moja kwa moja ukutani. Kwenye mtaa mmoja mkandarasi mwingine alikuwa ameanza kutandaza pevingi juu ya mfuniko, na safari hii msimamizi wa halmashauri alimsimamisha kwa kumwonyesha orodha. Soko limejengwa upya na njia ya gari ya upana wa kutosha, ingawa meza zimeshaanza kusogea tena na kamati inapambana nazo kila jumatatu.

Viungio vya kuunganisha magari bado havijanunuliwa. Turubai jipya, lenye pete za chuma kwenye kingo, linakaa kwenye gari la kituo. Mitaa ya pembezoni, ambako mabomba ni membamba na hayakuwahi kuwekewa haidranti, haimo kwenye orodha kabisa. Kwa huko kituo kimeomba matanki makubwa yajengwe karibu na shule, na ombi hilo liko mezani kwa ofisi tatu.